Gharama Halisi ya Chuo: Hesabu ya Kupiga Kabla Mtoto Hajapanda Meli

Kila mwaka ifikapo Februari simu yangu huanza kuita. Ni wazazi, wengi wao wa Pemba, na maneno ni yale yale: "Mwalimu, ada nimelipa, mbona mtoto kazuiwa mtihani?" Nikiuliza walicholipa, wananisomea risiti ya ada. Nikiuliza michango, kodi ya chumba na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kimya.

Mwanangu wa kwanza alikwama hivyo hivyo, kwa hiyo naujua uchungu wake. Pesa tulikuwa nazo njiani. Tarehe ya chuo ikafika kabla yake, na chuo hakikungoja. Mwongozo huu ni wa hesabu mbili zinazokwenda pamoja: kiasi gani, na lini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya hivi kwanza, halafu ukae chini:

- Maelekezo ya kujiunga ya chuo, kurasa zote, yaliyochapishwa. Usitegemee picha uliyotumiwa kwenye simu.
- Kalenda ya mwaka wa masomo: siku ya kufungua, ya mitihani, ya likizo.
- Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya NECTA vya mtoto, pamoja na kitambulisho chake cha Mzanzibari au cha NIDA. Kama mzazi mmoja amefariki, na cheti cha kifo.
- Daftari jipya, kalamu mbili za rangi tofauti, na simu yenye kikokotoo.
- Mtu mmoja anayesoma chuo hicho hicho mwaka wa pili au wa tatu, akubali kupokea simu yako. Huyu ni muhimu kuliko vyote, na ndiye anayesahauliwa.

Mtoto mwenyewe awepo. Hesabu iliyopigwa na baba peke yake haidumu hata mwezi.

Hatua ya 1: Soma jedwali la ada mpaka mstari wa mwisho

Mwaka juzi alinijia mama mmoja wa Micheweni na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi sita, ya kwanza imechakaa kwa kufunguliwa, tano za nyuma safi kabisa, bado zina mkunjo wa duka. Ada ilikuwa karatasi ya kwanza. Yaliyomzuia mwanawe mtihani yalikuwa karatasi ya nne.

Kwa hiyo anza nyuma. Tafuta usajili, kitambulisho, ada ya mitihani, mchango wa serikali ya wanafunzi, amana ya uharibifu, ada ya uthibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ambayo imekuwa 20,000 kwa mwaka, na bima ya afya, ambayo kwa wanafunzi ilikaa miaka mingi kwenye 50,400. Kozi za afya zina koti jeupe na vifaa vya maabara. Ualimu una mazoezi ya kufundisha. Karibu kila kozi ina fildi, na fildi mara nyingi hukaa mstari wa chini kabisa kwa maandishi madogo.

Kila mstari uupe herufi moja: M kwa kinacholipwa mara moja tu, K kwa cha kila mwaka, S kwa cha kila semesta. Sababu ni kwamba mwaka wa kwanza una vitu vingi vya M. Usipovitenga utadhani miaka yote mitatu ni mizito hivyo, na wapo waliomkatalia mtoto chuo kwa kosa hilo la hesabu.

Tahadhari: lipa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo, na risiti ioneshe jina la mwanafunzi. Pesa iliyotumwa kwa simu ya mtu, hata awe mfanyakazi wa chuo, kwenye mfumo haionekani. Mwanafunzi atahesabika anadaiwa.

Hatua ya 2: Andika siku moja ya mwanafunzi, kisha uizidishe

Mpigie yule mwanafunzi wa mwaka wa pili. Muulize jana alikula nini, wapi, kwa kiasi gani, na alipanda gari ngapi. Usimuulize "maisha ya huko ghali?" kwa sababu atakujibu "ya kawaida" na hutajua chochote.

Huu ni mfano wa kijana wa Wete, Pemba, anayekwenda kusoma Tunguu, Unguja. Bei ni za kuonyesha njia tu, wewe weka zako:

- Ada: 1,200,000
- Michango yote ya Hatua ya 1: 180,000
- Chumba cha mbali kidogo, 40,000 kwa miezi 10: 400,000
- Chakula, 4,500 kwa siku 280: 1,260,000
- Gari kwenda na kurudi, 1,200 kwa siku 150: 180,000
- Meli, safari mbili za kwenda na kurudi: 140,000
- Fotokopi, bando, madaftari, 25,000 kwa miezi 10: 250,000
- Godoro, jiko, ndoo, sufuria, shuka: 150,000

Jumla ni 3,760,000. Itazame ada mle ndani: haifiki hata theluthi. Ndiyo maana mzazi aliyekwisha lipa ada huhisi amemaliza, kumbe amebeba kapu moja kati ya matatu.

Umeme haumo, kwa kuwa vyumba vingine kodi yake inauchukua na vingine kila mpangaji anachangia tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Uliza kabla ya kuweka begi. Na usisahau Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu pamoja na Idd zote mbili vinaangukia ndani ya mwaka wa masomo. Mtoto atataka kuja nyumbani, nawe utataka aje. Iandike hiyo tiketi sasa, isije ikakopwa baadaye.

Hatua hii imekamilika pale mtoto mwenyewe anapoweza kukutajia jumla ya mwaka bila kufungua daftari.

Hatua ya 3: Linganisha vyuo viwili kwa jumla, si kwa ada

Ifanye kabla ya kuomba udahili. Wanaokuja kwangu Oktoba huwa wamechelewa kwa hili.

Mtu wa Pemba aangalie kwanza kama kozi anayoitaka ipo Pemba. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina kampasi ya Benjamin Mkapa kule Mchangamdogo, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba kwa anayeweza kusoma huku anafanya kazi. Kozi yenye ada ya juu kidogo, lakini mtoto analala kwao na kula chungu cha kwao, inaweza kuishinda ya ada ndogo iliyoko ng'ambo ya bahari. Katika mfano wetu chumba, meli na vyombo vya kuanzia maisha peke yake ni 690,000.

Kwa mkaazi wa mjini Unguja tofauti huwa ni gari. Vyuo vikuu vya SUZA na Zanzibar University vyote vina kampasi Tunguu, Chuo Kikuu cha Sumait kiko Chukwani, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni. Nauli ya kila siku kwa miaka mitatu iandike, usiikadirie kichwani.

Simwambii mtu asome asichokipenda kwa sababu kiko karibu. Kozi isiyofaa ni ghali kuliko meli zote.

Hatua ya 4: Makaratasi ya mkopo yaanze Machi

Kuna milango miwili mikubwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Muungano, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005 na inapokea maombi ya Wazanzibari pia. Kila moja hutoa mwongozo wake kila mwaka. Usome wa mwaka huu, si ule aliotumia kaka yake. Ukipata kuwili, chagua kumoja.

Aliyefaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, na anakwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba au hesabati, aangalie pia Samia Skolashipu iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Ile ni ruzuku, hairejeshwi. Nimewaona watoto wenye sifa wakiipita kwa sababu tu nyumbani hakuna aliyewaambia.

Dirisha la HESLB kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Makaratasi ndiyo yanayochukua miezi. Wanaokwama hukwama kwenye mambo matatu.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandika Khamis, cha NECTA kimeandika Hamisi. Huku Abdalla, kule Abdallah. Nyumbani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watu wawili. Viweke vyeti viwili kwenye meza moja, umsomee mtoto herufi kwa herufi. Zikipishana, nenda ofisi ya Usajili wa Matukio ya Kijamii au mahkamani ukaape mapema, maana Agosti foleni ni ndefu. Cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar kinahakikiwa na Wakala huo wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na uhakiki nao una siku zake.

Cheti cha kifo. Hili linaniumiza kila mwaka. Baba alifariki, akazikwa siku ile ile kama ilivyo desturi yetu, hitma ikasomwa, hakuna aliyekwenda kusajili. Miaka kumi baadaye mtoto ni yatima machoni mwa kijiji kizima, lakini kwenye fomu ya mkopo ana baba. Bila cheti hahesabiwi yatima. Anza kwa sheha, upate barua, ufuatilie mpaka cheti kiwe mkononi. Ndivyo pia kwa familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini: namba ya kaya iwe tayari, kwa sababu nayo ni ushahidi wa hali yenu.

Steshenari. Anayejaza fomu kwa niaba yako huwa na haraka. Hakikisha namba ya mtihani wa kidato cha nne ni ile ile iliyotumika kuomba chuo, hasa kwa aliyerudia mtihani. Namba ya simu iwe ya mtoto, si ya mwenye duka, na neno la siri aliandike mtoto kwenye daftari lake. Nimeshuhudia kijana akikosa kurekebisha ombi kwa sababu ujumbe wa bodi ulikwenda kwenye simu ya mtu aliyekwisha funga duka na kuhamia Dar es Salaam.

Anayekuambia "nipe kitu kidogo nikupitishie mkopo" ni mwizi. Hana mkono ndani ya mfumo ule.

Umefanikiwa pale mfumo unapoonyesha ombi limepokelewa, nawe una nakala iliyochapishwa, yenye sahihi ya sheha, ya mdhamini na muhuri wa wakili au hakimu, imehifadhiwa kwenye bahasha kavu. Nasema kavu kwa sababu masika nyumba zetu tunazijua.

Hatua ya 5: Isome barua ya mkopo kama unavyosoma mizani

Mkopo hautolewi kwa fungu moja, una vipengele. Upo wa ada, ambao huenda moja kwa moja chuoni na mtoto haugusi. Upo wa chakula na malazi, ndio wanafunzi wanaouita bumu, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake kamili kwa HESLB ni 10,000 kwa siku. Upo wa vitabu na viandikwa, wa fildi, wa vifaa maalumu. Si kila mtu hupewa vyote, wala kwa asilimia mia.

Turudi kwa kijana wetu. Tuseme barua imempa ada 600,000, chakula na malazi 1,500,000, vitabu 200,000. Jumla 2,300,000. Toa kwenye 3,760,000, pengo ni 1,460,000. Hilo ndilo la familia, na liandikwe kwa kalamu nyekundu. Pia tazama kwamba nusu ya ada bado inadaiwa. Wengi husikia "kapata mkopo" wakalala usingizi.

Ukiona umepewa kidogo kuliko hali yako, bodi hufungua dirisha la rufaa. Rufaa ya malalamiko matupu haisaidii. Peleka karatasi ambayo haikuwemo mwanzo: cheti cha kifo kilichochelewa kupatikana, fomu ya ulemavu iliyosainiwa na daktari, barua ya mfadhili aliyemlipia sekondari.

Halafu piga hesabu ya kurejesha, kwa sababu hili ni deni. Kwa HESLB, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akipata 700,000, makato ni 105,000 kwa mwezi, na mkopo wa 9,000,000 utakwisha baada ya miaka saba na ushei. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka iliondolewa mwaka 2021, nayo ni nafuu kubwa. Hata hivyo mwonyeshe mtoto namba hizi kabla hajasaini. Anayejua atakachokatwa hatumii bumu kununua simu.

Hatua ya 6: Weka tarehe mbele ya kila shilingi

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Chora safu mbili kwenye kurasa mbili zinazoangaliana. Kulia andika tarehe za chuo: usajili, kodi ya kwanza, mwisho wa kulipa kabla ya mitihani, semesta ya pili, fildi. Kushoto andika tarehe pesa zinapoingia kwenu. Halafu zifuate kwa kidole, mstari kwa mstari.

Niliifanya kazi hii na mzee mmoja nje kidogo ya Wete. Tulikaa barazani, mbele yetu jamvi la karafuu zimeanuliwa nusu, zimeshika wekundu lakini hazijakauka. Alikuwa ameahidi ada yote Oktoba. Nikamuuliza karafuu zile zitauzwa lini. Akachukua konzi, akaivunja moja kwa kucha, akasema bado siku tatu za jua, na nyingine ziko juu ya miti. Tukasogeza mstari wake wa pesa hadi Novemba. Pengo lilikuwa wiki nne tu, na hizo nne zingemtoa mwanawe kwenye orodha ya usajili.

Kila pesa ina tabia yake. Pesa ya karafuu huja kwa fungu kubwa, basi ielekeze kwenye ada na kodi ya miezi sita. Lakini mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, mwaka huu umejaa, mwakani unakupa majani, kwa hiyo msimu mzuri uweke na fungu la mwaka unaofuata. Pesa ya mwani huja kidogo kidogo, kila baada ya wiki sita hivi, kwa kufuata bamvu, yaani siku za maji makubwa ya bahari. Hiyo inafaa chakula na fotokopi. Mshahara unafaa kodi ya mwezi. Matatizo huanza mwani unapopangiwa kulipa ada.

Tahadhari: usikodishe mikarafuu ingali na maua mabichi ili upate ada ya haraka. Anayekukodi anajua una shida na atakupa bei ya shida. Afadhali uende ofisi ya fedha ya chuo kabla ya siku ya mwisho, na barua ya mkono, uombe kulipa kwa awamu ukitaja tarehe na kiasi. Anayekwenda kabla husikilizwa. Anayekwenda baada ya kuzuiwa hupewa fomu.

Na bumu la kwanza huchelewa. Mpe mtoto pesa ya wiki sita za mwanzo mkononi. Kwa chakula cha 4,500 ni 189,000, mbali na chumba.

Umefanikiwa pale ambapo kila tarehe ya kulia ina pesa ya kushoto iliyoingia angalau wiki mbili kabla yake.

Hatua ya 7: Punguza pale penye uzito

Familia nyingi huanza kubana fotokopi na bando. Huko hakuna kitu, na mtoto anakosa notsi. Uzito uko kwenye chumba na chungu.

Chumba kwanza. Cha mbali ni 40,000, cha kutembea kwa miguu ni 55,000. Macho yanakimbilia cha mbali. Lakini cha mbali kwa miezi 10 pamoja na gari ni 580,000, cha karibu ni 550,000, na mtoto hasimami kituoni usiku. Wakikaa wawili kwenye hicho cha karibu, kila mmoja ni 275,000. Imeokoka 305,000. Kama chuo kina dakhalia, yaani bweni, omba siku ile ile ya udahili, maana nafasi huwa chache.

Chungu kinafuata. Wanne wakipika kwa zamu, mchele wa mapembe na maharagwe au dagaa, nazi wakaikuna wenyewe, mtu anaweza kushuka kutoka 4,500 hadi 3,000 kwa siku. Kwa siku 280 ni 420,000. Wakubaliane mapema nani ananunua, nani anapika, na asiyechangia anafanywa nini. Vikundi hivi huvunjika kwa sahani moja ya wali aliyoliwa mwenye zamu.

Jumla imeokoka 725,000. Pengo la 1,460,000 limebaki 735,000, na hakuna aliyelala na njaa.

Kwa kilichobaki, usione haya. Kamati ya msikiti yenye fungu la zaka, mjomba au ami aliyeko mjini, shangazi anayeweza kumpa chumba: waambie kiasi kamili na tarehe. Mtu hushindwa kukusaidia "masomo ya mtoto" lakini akaweza kukulipia 90,000 za fildi mwezi wa Juni.

Hatua ya 8: Usinunue mwaka wa nne

Sapu moja, yaani mtihani wa marudio, ina ada yake, na mara nyingi ina meli yake, kwa sababu hufanywa likizo mtoto akiwa nyumbani. Mwaka wa kurudia ni ile 3,760,000 nzima, na mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea matokeo ambayo chuo kinapeleka bodi. Hakuna punguzo lolote la Hatua ya 7 linaloweza kulifidia hilo.

Kwa hiyo katikati ya kila semesta mpigie mtoto, umuulize alama za majaribio somo kwa somo. Akisema moja linamsumbua, na jirani yake chumbani ana kitabu au kuna mwenzake wa mwaka wa tatu anayefundisha kwa malipo kidogo, lipa. Fotokopi ya kitabu itoke kwenye zile 25,000 za mwezi za mfano wetu. Na kabla ya kila mtihani aingie kwenye akaunti yake ya chuo wiki tatu mapema, apige picha ya ukurasa wa deni na akutumie. Ukisoma sifuri, mwambie akasome. Ukisoma namba nyingine, una wiki tatu.